Aliyeunguliwa na Nyumba si Mwombaji Mpya

Tangu mwaka 2025 mazungumzo ya vitambulisho hapa Lamu yamebadilika sauti. Februari mwaka huo, huko Wajir, Rais William Ruto alitia saini tamko la kufuta ule msasa wa pekee waliokuwa wakipigwa waombaji wa vitambulisho katika maeneo ya mpakani. Mwaka huohuo Serikali ikafuta ada ya shilingi 300 kwa anayechukua kitambulisho kwa mara ya kwanza. Kwa Mbajuni ambaye kijana wake alizoea kutakiwa kitambulisho cha baba, kisha cha babu, kisha akakalishwa mbele ya wazee na maofisa kuulizwa asili yake, hizi ni habari njema, na sitaki kuzipunguzia uzito. Ila barazani na kwenye mikutano ya hadhara nimezisikia zikifasiriwa kupita mpaka, eti shida ya stakabadhi Lamu imekwisha. Haijaisha. Mageuzi yote mawili yalimlenga anayeanza. Aliyekuwa nacho kikaungua, au kikachukuliwa na maji, hayakumgusa, na yeye aliwekewa ada ya shilingi 1,000, tena huzungushwa ofisi baada ya ofisi kuthibitisha jambo ambalo Serikali yenyewe inalo kwenye kumbukumbu zake.

Nasema hivi: kumrudishia manusura wa mkasa stakabadhi zake ni sehemu ya msaada wa dharura, kama maji safi na unga, na mzigo wa kuzitafuta unapaswa kubebwa na aliyeziweka kwenye rejesta. Leo tunafanya kinyume chake. Tunamchukua mtu ambaye usiku wa jana amepoteza kila kitu, tunamweka foleni moja na mwombaji wa kawaida aliyeangusha pochi yake sokoni, halafu tunamdai karatasi ndiyo apewe karatasi.

Mikasa ya pwani hii si ya kubahatisha. Mwaka 2009 moto ulifagia mji wa Faza, kisiwani Pate, na mamia ya watu wakabaki na nguo walizovaa. Anayezijua nyumba za makuti zilizobanana, na upepo unavyopita kati yake, anajua kwamba mwenye nyumba hupata nafasi ya kutoa watoto na si zaidi. Juni 2014 ikaja Mpeketoni, ambako watu wenye bunduki waliwaua zaidi ya watu 60 na kuteketeza nyumba na maduka. Januari 2022 ikawa zamu ya Widho na vijiji jirani. Juni 2023 vijiji vya Juhudi na Salama. Kila mara familia zilikimbilia shuleni na makanisani, na nyuma yao nyumba zikabaki majivu. Upande wa Malindi adui ni maji. Mto Sabaki ukifura huingia mashambani na majumbani Magarini, kama ilivyokuwa mwaka 2018, tena mwishoni mwa 2023, tena 2024. Misimu hiyo miwili ya mwisho maji ya Tana yaliikata hata barabara ya Lamu karibu na Gamba, na aliyetaka kwenda ofisini hakuwa na njia ya kupita.

Baada ya mkasa, tuufuate mzunguko wenyewe. Kwanza kituo cha polisi, upate abstrakti kwamba umepoteza. Ukifika unaulizwa nambari ya kitambulisho, na wengi wetu tunaijua kichwani, lakini wazee wengi hawaijui. Nakala iliyokuwa na nambari iliungua pamoja na kitambulisho chenyewe. Kisha barua ya chifu. Kisha ofisi ya msajili au Kituo cha Huduma, alama za vidole, na malipo kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za Serikali. Ile shilingi 1,000 iliwekwa mwaka 2024, baada ya jaribio la mwaka uliotangulia la kuipandisha ada kutoka shilingi 100 hadi 2,000 kuzua ghadhabu. Watu walishukuru kwamba imepungua, wakasahau kwamba bado ni mara kumi ya ilivyokuwa. Kwa mzee anayepokea Inua Jamii, ruzuku ya Serikali ambayo ni shilingi 2,000 kwa mwezi, hiyo ni nusu ya riziki yake. Na hapo ni kitambulisho tu. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinadai kitambulisho cha mzazi. Cheti cha mtihani wa kidato cha nne kilichopotea, ukikiomba upya kwa Baraza la Mitihani, kinapita shilingi 5,000, na huko nako unatakiwa abstrakti na kitambulisho. Stakabadhi zetu zimefungwa pamoja kama makuti kwenye pau: likishika moja, hakuna linalosalimika, na huwezi kurudisha la juu kabla ya la chini.

Ongeza umbali. Mtu wa Faza, Kizingitini au Ndau anayetaka huduma Amu, yaani mji wa Lamu, anapanda boti, na boti hufuata maji. Ukikosa wakati wa maji kujaa umekosa safari, na ukifika ukaambiwa mtandao uko chini, unalala mjini kwa gharama yako. Mtu wa Kiunga au Basuba ana safari ndefu zaidi, tena yenye hatari. Barabarani nako, kati ya Malindi na Lamu, kuna vizuizi vya polisi ambako abiria hushushwa kuonyesha kitambulisho mmoja mmoja. Manusura anayekwenda kutafuta kitambulisho anahitaji kitambulisho ili afike kinakotolewa. Sijui ni kwa namna gani tumezoea jambo hili hadi tukaliona la kawaida.

Wapo wanaosema, na kwa nia njema, kwamba njaa haingoji karatasi: wape watu chakula na turubali kwanza, stakabadhi zitakuja. Hoja hii ingekuwa na nguvu miaka ya nyuma, msaada ulipokuwa gunia linaloshushwa kwenye lori. Leo sehemu kubwa ya msaada ni pesa zinazotumwa kwa simu. Orodha ya wanufaika huandikwa kwa nambari ya kitambulisho. Simu ikiwa imeungua, kurudishiwa laini kunahitaji kitambulisho. Mgonjwa akifika hospitalini anaulizwa usajili wa SHA, bima ya afya ya taifa, na usajili wa mtu mzima unaanzia kwenye kitambulisho. Mtoto anayehamishiwa shule nyingine anatakiwa cheti cha kuzaliwa ndiyo aingizwe kwenye rejesta. Kwa hiyo hakuna tena chakula kwanza na karatasi baadaye. Asiye na karatasi ndiye wa mwisho kupata chakula, na mara nyingi ndiye aliyepoteza zaidi.

Fidia nayo tusiisahau. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyoipata kutokana na bandari ya LAPSSET, mradi mkubwa wa uchukuzi wa Serikali. Aliyelifuatilia suala lile anajua mvutano wa majina ulivyokuwa, nani mvuvi wa kweli na nani kaingizwa. Katika mvutano wa aina hiyo, mvuvi ambaye kitambulisho na kadi yake ya BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, vimeungua anaingia vitani bila ngao, ilhali jirani yake mwenye karatasi safi, hata kama hajawahi kutupa wavu, anasikilizwa.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni ya usalama, na siidharau. Lamu inapakana na Somalia. Wanaotushambulia usiku wanajua thamani ya kitambulisho cha Kenya, na afisa wa usajili anayesema "tukilegeza, tutawapa maadui" anazungumza jambo ambalo watu wa miji ya Hindi na Mpeketoni hapa Lamu wamelizikia watu wao. Lakini tutazame vizuri ni nani hasa tunayemzungumzia. Anayeomba kitambulisho kwa mara ya kwanza hana kumbukumbu ya alama za vidole kwenye rejesta ya vitambulisho. Ndiye anayehitaji kuchunguzwa. Aliyeunguliwa na nyumba alishachunguzwa. Wengine wa hapa walipigwa msasa mkali kuliko Wakenya wengi wa bara, na alama za vidole vyake vyote kumi ziko kwenye rejesta ya taifa. Weka vidole vyake kwenye mashine: ama vinalingana na jina analolitaja, ama havilingani. Hakuna mwananchi aliye rahisi kuthibitishwa kuliko yeye. Barua ya chifu na abstrakti haviongezi chochote ambacho vidole havijasema, na mtu mwenye nia mbaya na fedha mkononi atazipata karatasi hizo mbili mapema kuliko mama mwenye watoto wanne kambini. Tukitaka usalama wa kweli, mashine ndiyo ya kutegemea. Mlolongo mrefu unazalisha madalali, na dalali ndiye mlango ambao adui hupitia.

Hapo ndipo husikika jibu lingine, kwamba mambo yote sasa yako mtandaoni, kuna eCitizen na kadi mpya ya Maisha, kwa hiyo tusubiri teknolojia imalize kazi. Napenda teknolojia hii na naiona faida yake. Rejesta iliyo kwenye kompyuta Nairobi haiungui Faza ikiungua. Ila mlango wa kuifikia ni simu, na simu imeungua. Ni msimbo unaotumwa kwa laini ambayo haipo. Ni mtandao, ambao vijiji vya msitu wa Boni huupata kwa kubahatisha au hawaupati kabisa. Kumbukumbu ya kidijitali bila ofisa anayeifikisha kwa mwenyewe inaisaidia Serikali zaidi kuliko inavyomsaidia manusura.

Nafika kwenye hoja ambayo naiona dhaifu kuliko zote, na ambayo kwa bahati mbaya huisikia mara nyingi kutoka kwa watu waliosoma: kwamba raia ana wajibu wa kutunza stakabadhi zake, na asiyejali asibebewe na wengine. Wajibu upo, na watu wa pwani wanautimiza kuliko wasemaji hao wanavyodhani. Ingia nyumba yoyote ya kisiwani uulize vyeti: vitatolewa chini kabisa ya kasha, ndani ya bahasha ya kaki, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, pamoja na hati ya ndoa na kadi za kliniki za watoto ambao sasa wana watoto wao. Mwenye kutunza hivi si mzembe. Anayevamiwa saa sita za usiku na watu wenye bunduki hana wajibu wa kurudi ndani kufungua kasha. Kumwambia angekuwa mwangalifu zaidi ni kumlaumu kwa kuchagua uhai wake. Isitoshe hoja hiyo inageuza ukweli, kwa sababu karatasi tunayopewa ni nakala, na asili yake iko kwa msajili.

Hilo nililiona wazi katika mafuriko ya mwisho wa 2023, ng'ambo ya Sabaki. Mama mmoja alikuwa amevianika vyeti vya kuzaliwa vya wanawe juu ya mkeka, kila kimoja kimewekewa vijiwe pembeni kisipeperuke. Majina yaliyoandikwa kwa wino yalikuwa yametawanyika, hayasomeki tena. Lakini nambari ya cheti, iliyochapwa kiwandani, ilikuwa wazi kabisa juu ya kila karatasi. Alikuwa ameambiwa aanze upya: fomu, barua, ushahidi wa mahali pa kuzaliwa. Kwa nini aanze upya? Nambari ile ingemsaidia karani kuitafuta kumbukumbu yenyewe. Kilichohitajika pale ni karani mmoja mwenye daftari, akae chini ya mwembe asubuhi moja, anakili nambari za kijiji kizima, arudi baada ya siku chache na nakala mpya.

Sheria si kikwazo. Sheria iko upande wa manusura. Ibara ya 12 ya Katiba ya 2010 inampa kila raia haki ya pasipoti na hati yoyote ya usajili au utambulisho inayotolewa na dola kwa raia. Zaidi ya hapo, mwaka 2012 Bunge lilipitisha sheria ya kuwalinda na kuwasaidia wakimbizi wa ndani, na sheria hiyo inawahesabu waliohamishwa na majanga ya asili sawa na waliohamishwa na vita. Sheria hiyo ilileta ndani ya Kenya Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 kuhusu wakimbizi wa ndani, na kanuni ya 20 imenyooka: mamlaka zitoe stakabadhi mpya au zirudishe zilizopotea bila kuweka masharti yasiyofaa, kama vile kumtaka mtu arudi alikotoka ndiyo apewe. Yaani mtu wa Widho aliyehifadhiwa kwingine asirudishwe kwa chifu wa Widho kuomba barua, wakati chifu mwenyewe pengine amehama. Ni sheria yetu, ina zaidi ya miaka kumi, na kwenye kaunta za usajili ni kama haikuandikwa.

Kwingine wamethubutu. Ufilipino, baada ya kimbunga Haiyan cha mwaka 2013, timu za usajili ziliwafuata manusura vijijini na kuwaandikia vyeti bila malipo, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi likishirikiana na serikali na wanasheria wa huko. Ufilipino ni nchi ya visiwa kama kaunti yetu, na watu wake wa pwani nao hupanda boti kwenda ofisini. Kilichowezekana kwao hakihitaji utajiri ambao Kenya haina.

Kwetu ingekuwaje? Mkasa ukitokea, kamati ya kaunti ya maafa huandika orodha ya kaya zilizoathirika. Hilo tayari linafanyika kwa ajili ya chakula. Orodha hiyohiyo, ikitiwa saini na chifu na mkuu wa kituo cha polisi, ingetosha kuwa abstrakti ya wote, badala ya kila mtu kutafuta yake. Ndani ya wiki mbili timu iwafuate walipo, shuleni au kambini: ofisa wa vitambulisho na mashine ya vidole, karani wa vizazi na vifo, na mtu wa Kadhi kwa vyeti vya ndoa. Ndoa za Waislamu wa hapa huandikwa kwenye vitabu vyenye kishina, yaani kipande kinachobaki kitabuni. Kishina kikiwapo, ndoa ipo, na mjane hana haja ya kuleta mashahidi ambao wengine wamekwishafariki. Ada zote zifutwe kwa waliomo kwenye orodha. Hasara kwa hazina ni ndogo mno. Hata nyumba elfu moja zikiungua kwa mwaka, na kila nyumba ikawa na watu wazima wanne, ada ya vitambulisho vyao haifiki shilingi milioni tano.

Mambo mawili yananizuia kusema kila kitu kifanyike haraka. La kwanza ni ardhi. Mwaka 2014 Serikali ilifuta hati za takriban ekari 500,000 hapa Lamu zilizokuwa mikononi mwa kampuni 22, na mtu yeyote wa hapa anajua jinsi shamba linavyoweza kupata mwenyewe mpya wakati mwenye shamba yuko kambini. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inataka hati miliki iliyopotea itangazwe kwenye gazeti rasmi la Serikali na magazeti mengine, kisha zipite siku 60 kabla ya nyingine kutolewa. Siku hizo zibaki. Zinamlinda manusura mwenyewe. Kinachofaa kubadilika ni anayelipia tangazo, na kuwe na alama kwenye rejesta, mara tu baada ya mkasa, ya kuzuia shamba lolote la eneo hilo lisiuzwe wala kuhamishwa mpaka wenyewe wajitokeze. Bila hiyo tutamrudishia mtu kitambulisho kizuri na kumkuta hana pa kurudi.

La pili ni wale ambao hawakuwahi kuwa na karatasi tangu mwanzo. Miongoni mwa Waboni, na katika vijiji vingine vya ndani, kuna watu wazima waliozaliwa nyumbani na ambao kuzaliwa kwao hakukuandikwa popote. Mkasa ukipita, hawa husimama foleni moja na waliopoteza, na karani hana vidole wala kishina cha kulinganisha. Kwao ule utaratibu mpya wa waombaji wa mara ya kwanza ndio unaohusika, na tamko la Wajir ndilo ngao yao. Timu ileile iwapokee, ila kwa meza ya pili, ili uchunguzi wao usiwacheleweshe wengine na haraka ya wengine isiwapite wao. Hapa ndipo nawaelewa maofisa wa usajili wanaposema kazi ni ngumu. Ni ngumu kweli, lakini ni ngumu kwa sehemu hii ndogo tu, na ugumu wa sehemu hii umetumika muda mrefu kuwa sababu ya kuwachelewesha walio rahisi.

Uchaguzi Mkuu ni Agosti 2027, na bila kitambulisho au pasipoti mtu hawezi kujiandikisha wala kupiga kura. Waliopoteza stakabadhi Juhudi na Salama, Magarini na kandokando ya Tana, ndio hasa wenye maswali ya kuwauliza wanaoomba kura: ulinzi uko wapi, fidia iko wapi, tuta la mto limejengwa au la. Mkasa ukiwazuia kupiga kura, hakuna mgombea atakayelazimika kuwajibu. Waziri wa Usalama wa Ndani aliyefuta ada ya shilingi 300 alifanya hivyo kwa tangazo la gazeti rasmi; hakungoja Bunge. Mamlaka hayo bado yapo, na tangazo la kufuta ile shilingi 1,000 kwa kila aliyemo kwenye orodha ya mkasa iliyotiwa saini lingejaa kwenye nusu ukurasa. Wabunge wa Lamu Mashariki, Lamu Magharibi, Magarini na Malindi, na magavana wa kaunti za Lamu na Kilifi, wanaweza kulidai kwa barua moja ya pamoja kabla mvua za masika hazijaufikisha tena Sabaki kwenye kingo zake.